Mnanaa wa Nyuma ya Tangi

Jina lake lote, likitajwa bila kurukwa, lilikuwa refu kama kamba ya kuanikia nguo: Bibi Kitalu, binti wa Mchimba Visima, mjukuu wa Mkunga wa Mkono Mwepesi, mke wa Fundi Bomba. Baba yake alichimba visima ishirini na kimoja, na hakuna hata kimoja kilichokauka yeye akiwa hai. Bibi yake alipokea watoto mpaka akaanza kupokea watoto wa wale aliowapokea. Yeye mwenyewe alisimamia kitalu cha baraza la mji kwa miaka thelathini na miwili. Miti ya barabara ya hospitali ni yake. Michongoma inayozunguka shule nne ni yake. Nyasi za uwanja wa mpira, ambazo mafundi watatu kabla yake walizipanda zikagoma, yeye alizipanda mara moja zikashika. Na ni yeye aliyeumaliza mnanaa mwitu uliokuwa ukiota nyuma ya tangi la maji. Hilo nalo limewekwa hapa juu pamoja na mema yake, kwa sababu mwenyewe alikataa lisukumwe chini.

Mnanaa ule hakuna aliyeupanda. Ulikuwapo kabla ya tangi na kabla ya barabara, kwenye mteremko wa mawe ambako hata mbuzi walipita haraka. Ukilishika shina lake, vidole vinahisi pembe nne, kama mguu wa meza. Ukisugua jani, harufu inakaa mkononi hadi jioni, hata unawe kwa sabuni. Wenye vikohozi waliyachemsha majani wakanywa. Kiangazi kikiingia, juu kote kulikauka kukabaki vijiti, na mgeni angeapa kwamba umekufa. Kumbe chini mizizi imelala tu. Mvua za kwanza zikinyesha, unachipua palepale, mmea uleule, mwaka hadi mwaka. Wapo watu waliozeeka pamoja na kichaka kimoja. Na ulipochanua, mteremko haukuwa na rangi moja. Kichaka hiki zambarau iliyoiva, kile waridi, cha tatu cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kingine kina madoa kama yai la kanga. Nyuki walikuwa wengi kiasi kwamba mlinzi wa tangi alihamisha kiti chake akakaa upande wa pili.

Nyumba ya mwisho chini ya mteremko huo ilikuwa ya wifi yake, dada wa Fundi Bomba. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye sindano mdomoni kutwa nzima, na ulimi ambao wateja walisema ndio uliozichonga hizo sindano. Bibi Kitalu alipoolewa, ni wifi huyu aliyemwachia godoro lake akalala chini mwezi mzima, kisha akamtania kwa jambo hilo miaka ishirini. Walikuwa mtu na mwenzake. Jumamosi alasiri walipanda mteremko pamoja, na maua yakishakauka wifi alikung'uta mbegu kwenye karatasi za kukatia nguo.

"Hizo mbegu unazipeleka wapi?" Bibi Kitalu aliwahi kumuuliza.

"Nazirudisha hapahapa."

"Sasa unaziokotea nini?"

"Nazihamisha nyumba, wifi. Za chini nazipeleka juu, za juu nazishusha chini. Wakae wageni wageni, wasioane ndugu kwa ndugu."

Bibi Kitalu alicheka. Aliona ni utani wa mtu asiye na kazi Jumamosi.

Mambo yalibadilika baraza lilipotaka maua ya kupamba barabara kuu, kuanzia mzunguko wa magari hadi lango la hospitali. Walitaka ua la hapahapa, lisilohitaji kumwagiliwa kila siku. Bibi Kitalu akasema, niachieni mimi. Akapanda mteremko peke yake, akapita kichaka kwa kichaka kama anayechagua mchumba, akashuka na mmoja tu: zambarau iliyokolea, shina limenyooka, maua yamejipanga duara juu ya duara bila kuachana. Akaupa jina Mrembo. Kutoka kwa Mrembo alikata vipandikizi, kila kimoja chini kidogo ya pingili, akavichomeka kwenye mchanga uliooshwa mara tatu. Vilivyoshika navyo akavikata. Kwa miaka miwili akawa na miche elfu nne.

Ilipochanua barabarani, watu walisimama kutazama. Yote urefu mmoja, rangi moja, wiki moja. Wageni wa baraza walipigwa picha pale. Jumapili Bibi Kitalu alikuwa akiaga kwamba anakwenda kumwona rafiki yake, na Fundi Bomba akimuuliza rafiki gani huyo ambaye njia ya kwake lazima izunguke mji mzima, anajibu kwamba daktari amemwambia atembee.

Mwaka uliofuata, idara ya maji ikataka kujenga tangi la pili. Mteremko ulipaswa kukwanguliwa. Injinia alikuwa mtu muungwana, akaleta karatasi kitaluni: kama kuna mmea wa thamani pale, msimamizi aseme. Na kama mmea huo umehifadhiwa kwingine, atie sahihi, kazi ianze.

Wifi alizipata habari hizo kabla wino haujamwagika. Akaja kitaluni asubuhi, wafanyakazi kumi na mmoja wakiwa bandani wanajaza udongo kwenye vifuko.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, wifi. Leo cherehani umemwachia nani?"

"Imejishikilia yenyewe. Nimesikia unatia sahihi mlima ukwanguliwe."

"Sitii sahihi ukwanguliwe. Natia sahihi kwamba mnanaa tunao. Na tunao. Nenda barabarani ukahesabu."

"Nimeshahesabu. Ni mmoja."

Mikono ya wafanyakazi ikasimama juu ya udongo.

"Una homa, wifi?"

"Sina homa. Mimi nikikata magauni mia kwenye jora moja, watu wataona magauni mia, lakini mimi ninajua ni jora lile moja. Kasoro ya jora ipo kwenye yote mia. Na nondo akishalipenda lile jora, basi, siku moja wote mtatembea uchi. Kule mlimani kila kichaka kina baba yake na mama yake. Wewe umechukua mtu mmoja ukamkata vipande elfu nne, ukampanga barabarani."

Bibi Kitalu alisikia maneno hayo yakimgota kifuani. Kama wangekuwa wawili tu, angevuta ndoo akakaa, akamwambia wifi rudia tena, taratibu. Lakini walikuwapo kumi na mmoja, wote amewafundisha yeye kushika jembe, na wote wanamtazama usoni waone atajibu nini.

"Jamani," akawaambia, "kuanzia leo, mtu udongo ukimshinda asinisumbue. Aende kwa fundi cherehani akapimwe kiuno."

Banda zima likacheka. Angeishia hapo. Lakini kicheko cha watu wako ni kitamu, na alikiongezea.

"Na wewe, wifi, nikitaka kupunguza sketi nitakuja kukuuliza. Mambo ya mizizi tuachie wenye kucha chafu. Wewe mume wako mwenyewe aliota mguu akaondoka, utajua nini cha kuotesha?"

Wengine walicheka. Wengine waliinamia vifuko vyao. Wifi alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola ya gauni lake.

"Sawa," akasema. "Nimekusikia, wifi. Na hawa nao wamekusikia."

Akaondoka. Mchana huohuo Bibi Kitalu akatia sahihi, akikandamiza kalamu kwa nguvu mpaka alama ikatokea kwenye ukurasa wa pili. Katapila lilifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu mteremko ulikuwa mwekundu, laini, kama kichwa kilichonyolewa.

Mwaka wa tatu baada ya hapo ndipo alipojua. Ua la mnanaa likikauka huacha kikombe kidogo, na kila kikombe kina mbegu nne nyeusi. Alikuwa akipita barabarani siku moja, akachuma kikombe, akakibonyeza kwenye kiganja. Hamna kitu. Akachuma kingine. Vumbi. Akapita kando ya barabara akibonyeza vikombe hadi vidole vikawa vya kijani, na watu wakimsalimia anajibu bila kuwatazama. Hakupata hata mbegu moja. Palepale akaelewa. Mrembo haupokei unga wa ua lake mwenyewe. Nyuki walikuwa wanahangaika bure, wanautoa kwa Mrembo wanaupeleka kwa Mrembo.

Hakumwambia mtu. Wafanyakazi walipouliza habari za mbegu, aliwajibu, "Sisi mkasi tunao, mbegu za nini?" Miaka ya baadaye, alipokuwa akijihukumu, hili ndilo alilolipa adhabu kubwa. Alikuwa akisema sahihi aliitia kwa hasira, na hasira ni ugonjwa wa siku moja. Lakini ukimya ule aliutia kwa akili timamu, akautia tena kila asubuhi akifungua lango la kitalu.

Mlango mmoja alifunguliwa, naye akaufunga. Ilikuwa mwaka wa sita. Fundi Bomba alirudi kutoka kwa dada yake, akasimama jikoni na kofia mkononi, mkewe akipiga pasi.

"Dada anasema siku moja kabla ya katapila alipanda kule na makopo. Alichimba vichaka vitano, kila kimoja rangi yake. Viko uani kwake. Anasema vinamjazia ua wote, uje uchukue."

"Yeye hana miguu?"

"Anasema uje mwenyewe."

"Anataka nikampigie magoti."

"Hakusema magoti. Alisema uje."

"Basi mwambie, kama vimemjazia, avishonee nguo avitoe matembezi."

Fundi Bomba alivaa kofia yake, akaivua tena. Alikuwa mtu wa maneno machache, kama wengi wanaoshinda wamelala chini ya masinki ya watu.

"Hilo silipeleki," akasema. Na hakulipeleka, wala hakuleta tena habari ya aina hiyo. Miaka miwili baadaye alikufa kwa moyo, mchana, akiwa kazini. Msibani wifi alikuja, wakakaa benchi moja, wakashikana mikono, wakalia mtu wao. Waliongea mambo ya jeneza na mambo ya viti. Jioni wifi akaenda kwake.

Bibi Kitalu alistaafu akiwa na miaka sitini na mitano, akapewa saa ya ukutani na hotuba mbili. Nafasi yake ilichukuliwa na mwanamke aliyemfundisha miaka ya mwisho, mtu makini, mfupi, waliyemwita Miwani kwa sababu aliivaa hadi kwenye mvua. Kwa miaka minne mambo yalikwenda. Kisha zikaja mvua zile nzito, ambazo zilinyesha wiki sita bila kupumzika. Ukungu mweupe ukatokea kwenye mashina, karibu na udongo. Jumatatu ulikuwa kwenye mzunguko wa magari. Ijumaa ulikuwa kwenye lango la hospitali. Mrembo alianguka mmoja baada ya mwingine kama mtu anapita akizima taa. Elfu nne, na hakuna hata mmoja aliyebishana na ugonjwa, maana walikuwa na mwili mmoja.

Mvua zilipokata na kiangazi kikashika, Miwani alikwenda nyumbani kwa Bibi Kitalu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Uso huo umeuazima wapi?"

"Imebaki miche miwili tu, Bibi. Ilikuwa kwenye rafu ya juu, ndani ya banda, ndiyo maana imepona."

"Kata vipandikizi."

"Nimekata mara tatu. Vinaozea mchangani." Miwani akakaa ukingoni mwa kiti. "Nikasema nipande mbegu. Nimepekua kabati lote, hakuna pakiti ya mnanaa. Nimepekua madaftari yako yote. Mbegu za kila kitu umeandika, hadi za magugu. Za mnanaa hamna. Nikajiambia, Bibi hawezi kusahau kitu kama hicho, atakuwa ameziweka pazuri mahali. Nimekuja uniambie ni wapi."

Kuaminiwa kule ndiko kulikomvunja. Angelaumiwa angejua la kujibu, amejibu watu maisha yake yote. Lakini yule mwanamke alikaa pale na kalamu tayari mkononi, anasubiri aambiwe kabati gani. Bibi Kitalu alimwambia yote, kuanzia karatasi ya injinia hadi vikombe vitupu na makopo ya wifi. Hakuacha kitu, hata lile neno la mume wa wifi.

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa.

"Kwa hiyo hii miwili ni mmoja."

"Ni mmoja."

"Na bila mwingine haitazaa."

"Haitazaa. Ikifa hiyo, umekwisha. Sidhani kama upo mahali pengine chini ya jua."

"Na makopo yale?"

"Kama yapo, yapo kwa mtu ambaye sijakanyaga kwake miaka kumi na mitano."

"Niende nikaombe mimi?"

"Wewe hukumtukana," alisema Bibi Kitalu.

Alikwenda kesho yake asubuhi, akipumzika kila penye ukuta wa kuegemea. Alichokiona kwanza kilimkata maini: ua wa wifi yake ulikuwa saruji tupu, kutoka mlangoni hadi ukutani. Ndani, cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Wifi alikaa pembeni yake, macho yamefanya utando wa buluu.

"Nani huyo anapumua kama bomba bovu?"

"Mimi."

"Kila mtu ni mimi."

"Wifi yako."

Wifi alipapasa meza, akaondoa kikombe kilichokuwa karibu na ukingo.

"Kaa. Kiti kipo palepale kilipokuwa."

Akakaa. Alikuwa ameandaa maneno njiani, akayaruka yote. Akauliza lililomleta.

"Makopo, wifi."

"Yalikuwa matano," alisema wifi, kama mtu aliyeulizwa habari za watoto wake. "La zambarau, lakini si zambarau ya yule malaya wako wa barabarani. La waridi. La madoa. Moja rangi yake sikuwahi kuipatia jina, nilikuwa na uzi wa rangi hiyo, ukaisha. Na jeupe. Niliyatunza miaka tisa. Miwili ya kwanza nilikuwa naacha mlango wa uani bila komeo. Nilisema huyu mwanamke ana aibu, atakuja siku nimekwenda kupeleka nguo, achukue aondoke, nami nitajifanya nimeibiwa. Hukuja kuniibia, wifi."

"Sikuja."

"Nikamtuma kaka yangu."

"Nilimjibu vibaya."

"Hakuniambia ulijibu nini. Alisema una kazi nyingi. Masikini, hakuwahi kujua kudanganya, masikio yalikuwa yanamcheza." Akashusha pumzi. "Kisha macho yakaanza kuniacha. Mwanangu akamwaga saruji nisije nikajikwaa. Kilikuwa kiangazi, makopo yana vijiti vikavu tu. Mimi niko hospitali napimwa macho, yeye anasafisha. Akaona takataka, akatupa. Utamlaumu? Hakuna aliyemfundisha kwamba vile vijiti vimelala."

Bibi Kitalu alishika tama. Kufundisha hilo ilikuwa kazi yake, kazi aliyolipwa miaka thelathini na miwili.

"Yote matano?"

"Manne. Moja lilijificha nyuma ya pipa la maji, na pipa linavuja. Lile jeupe. Lakini ni miaka sita sasa, sioni, na pua nayo imechoka. Nenda katazame mwenyewe."

Alipiga magoti nyuma ya pipa, magoti yakalia. Kopo lilikuwa limeota kutu hadi likapasuka ubavu. Vijiti vitatu, vikavu, vilivunjika alipovigusa. Alikwangua udongo kwa kidole kidogo, polepole, mpaka akaukuta mzizi, mnene kama kamba ya kiatu. Akaukuna kwa ukucha. Ndani palikuwa pabichi. Aliinua kidole puani, na ile harufu ikampanda hadi machoni.

Alirudi ndani bila kunawa. Wifi akasema, "Lete mkono," akaushika kwa mikono yake miwili, akaunusa muda mrefu.

"Upo," akasema.

"Upo."

"Sasa unataka kuondoka nao."

"Nikikuomba, wifi."

"Nitakupa. Lakini ulinichafua mbele ya watu kumi na mmoja. Utanisafisha mbele ya watu."

"Wifi, nimekuja kwa miguu yangu. Tuko hapa wawili, nakuambia nilikosa..."

"Ulinisemea hapa?"

"Hapana."

"Basi."

Kitalu kile kilikuwa na kibao chenye jina lake langoni. Miwani bado alikuwa akiwaambia wapya, Bibi hakuwahi kukosea mche. Kwa muda wa kumaliza glasi ya maji, Bibi Kitalu aliwaza kurudi nyumbani mikono mitupu, mnanaa ufe, jina libaki. Hakulificha hilo baadaye. Alisema aliliwaza, na kwamba aliyeliwaza ni yeye, si shetani. Kisha akakubali.

Wifi hakuweza kutembea hadi kitaluni, wala hakutaka kubebwa mgongoni kama mtoto. Miwani akaleta mkokoteni wa samadi, umeoshwa na kutandikwa magunia.

"Umri wote huu," alisema wifi akipandishwa, kopo limekaa mapajani pake, "nakuja kuingia kitaluni kwako kama mbolea."

Bandani walikuwapo wafanyakazi saba, ni saa ya chai. Bibi Kitalu aliwapitia usoni mmoja mmoja. Alikuwa akiwatafuta wale kumi na mmoja, na hakuna aliyebaki. Wawili wamekufa, wengine wamehama, mmoja anauza matofali. Hawa walikuwa watoto wa watu asiowajua. Akasimama hivyohivyo.

"Huyu ni wifi yangu," akasema. "Miaka kumi na mitano iliyopita, kwenye banda hili, aliniambia ukweli. Nikamcheka, na nikawafanya wengine wamcheke. Nikamtajia na jambo la nyumbani kwake ambalo halikuwa na uhusiano. Nikatia sahihi mteremko ukakwanguliwa. Mwaka wa tatu nilijua nimekosea, nikanyamaza. Mtasikia watu wanasema mnanaa umemalizwa na ukungu. Nimeumaliza mimi."

Wale saba walishika vikombe vyao kwa adabu. Msichana mmoja akasema, "Pole, Bibi," kama mtu anavyomwambia aliyejikwaa njiani.

"Ni wangapi hapa?" aliuliza wifi.

"Saba."

"Yupo hata mmoja wa siku ile?"

"Hayupo."

"Basi umeniletea heshima yangu kwa wageni, wifi. Waliocheka wamekwenda na kicheko chao." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayepima kitambaa akakuta kimepungua. Akaongeza, "Lakini nimesikia. Chukueni kopo, linanibana mapaja."

Wafanyakazi walirudi kwenye vifuko. Bibi Kitalu alikuwa ametumaini kwamba akishasema atakuwa mwepesi, na hakuwa mwepesi. Aligeuza ndoo, akakaa karibu na mkokoteni. Wao wawili walianza kuhesabu, kwa sauti ndogo, vichaka walivyovikumbuka kwenye mteremko: kile cha karibu na jiwe lililopasuka, kile kilichowahi kuchanua kabla ya vyote, kile cha waridi ambacho mlinzi wa tangi alikuwa akichumia mkewe. Walifika thelathini na kitu. Kutoka thelathini na kitu, sasa vimebaki viwili, Mrembo na kile cheupe.

Miwani alikuja na daftari.

"Bibi, nifanyeje?"

"Andika," alisema Bibi Kitalu. "Hii kazi nakupa wewe, si kitalu. Ukihama, ondoka nayo mkononi. Usiuweke huu mweupe rafu moja na Mrembo. Ukungu bado unaweza kuwa umejificha. Mvua zikianza watachipua. Wakichanua, subiri umande ukauke, chukua unyoya laini, toa unga kwa huyu umpelekee yule, na wa yule umpelekee huyu. Kila siku, mpaka ua la mwisho. Utapata mbegu chache. Zipande zote."

"Zote."

"Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Zitaota ndefu na fupi, na nyingine zimepinda. Utatokea mmoja mzuri kuliko wote, na mkono wako utawasha. Watakuja wakubwa wa baraza waseme tupe huyo elfu nne. Usimkate. Usichague, mwanangu. Hata yule aliyepinda mpande. Mimi macho yangu yalikuwa mazuri sana, na ndiyo yaliyonimaliza."

Miwani aliandika, kisha akauliza, "Itachukua miaka mingapi mlima kurudi ulivyokuwa?"

"Sijui. Sikuwahi kuuotesha. Niliukuta."

"Na rangi zile nyingine? Waridi, na ya madoa?"

Bibi Kitalu akamtazama wifi yake. Wifi akatikisa kichwa.

"Hizo hazirudi," alisema Bibi Kitalu. "Ziandike tu kwamba zilikuwapo. Leo mpe huyu vijiko vitatu vya maji, visizidi. Kesho usimpe kitu. Keshokutwa chokonoa kidogo kwa kidole kidogo, halafu uje uniambie umekuta nini."